Dar hadi Iringa kwa gari lako mwenyewe: mwongozo wa siku sita

Maswali ni yaleyale kila likizo inapokaribia. Gari dogo litafika? Siku tatu zinatosha? Mikumi si mpaka uwe na Land Cruiser? Mlima Kitonga ndio unatisha hivyo kweli? Nimeshayajibu kwa simu, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata msibani. Basi leo nayaweka yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako kama unaishi Dar, una gari la kawaida la familia, hujawahi kuliendesha mbali zaidi ya Bagamoyo au Chalinze, na unataka ndani ya wiki moja uone wanyama, maporomoko ya maji na mji wenye historia. Njia yetu ni Dar, Morogoro, Mikumi, Mang'ula chini ya Milima ya Udzungwa, kisha Iringa na kurudi. Siku sita, kulala mara tano.

Jambo moja ulishike kabla ya yote: safari hii huipangi kwa kilometa, unaipanga kwa saa za mwanga. Ramani ya simu itakuambia Dar hadi Iringa ni kilometa mia tano na saa nane. Ramani haijui kwamba mbele yako kuna malori kumi na mawili ya Zambia na Kongo yanapanda kilima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwetu jua linachomoza karibu na saa 12 asubuhi na linazama kabla ya saa 1 jioni, mwaka mzima. Ndani ya hapo ndipo uendeshe, ule, ushangae na ufike. Usiku waachie wenye mabasi. Lori lililoharibika halina taa, onyo pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa barabarani, na bodaboda nazo nyingi hazina taa ya nyuma. Ndani ya Mikumi, tembo naye hana taa kabisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Msimu kwanza. Juni hadi Oktoba ndio wakati mzuri: njia za ndani ya hifadhi zimekauka, nyasi zimepungua, wanyama wanasogea kwenye maji. Masika, Machi hadi Mei, sikushauri kwa safari ya kwanza. Barabara kuu utapita, lakini udongo mweusi wa Mikumi unashika tairi na haulitoi, na njia za Udzungwa zinateleza.

Gari. IST, Raum, Rav4, Noah, yote yanafika. Kutoka Dar mpaka Iringa ni lami tupu. Lipeleke gereji wiki moja kabla, usilipeleke jana yake, maana kifaa kilichofungwa leo kikiwa na kasoro kitaionyesha ndani ya siku tatu nne, na ni afadhali kikuonyeshee Tabata kuliko Ruaha Mbuyuni. Mwambie fundi aangalie breki, rejeta na mipira yake, mkanda wa injini, betri, taa zote na tairi. Tairi la akiba likaguliwe kwa macho yako: wengi wanalo, lakini halina upepo.

Ndani ya gari:
- pembetatu mbili za kuakisi, kizimamoto ambacho hakijaisha muda wake, jeki na spana ya magurudumu inayoingia kwenye nati zako;
- maji lita kumi ya gari, mbali na ya kunywa;
- tochi, kamba ya kuvutia, waya wa kuchaji simu;
- sanduku la huduma ya kwanza, dawa za maumivu, dawa ya kupaka ya mbu;
- sweta kwa kila mtu. Utanicheka ukiwa Dar, hutanicheka ukiwa Iringa mwezi wa saba.

Karatasi: leseni, bima, kadi ya gari au nakala yake, stika ya ukaguzi, na vitambulisho vya NIDA vya watu wazima wote. Hivyo vya NIDA ndivyo vitakavyokuwezesha kulipa ada ya raia hifadhini, ambayo inalipwa kwa shilingi na iko chini sana ukilinganisha na ya mgeni wa nje. Kama gari ni la shemeji, beba na barua yake fupi. Angalia pia kama gari linadaiwa faini za zamani na uzilipe ukiwa nyumbani, maana trafiki akiingiza namba ya gari kwenye mashine ataziona zote.

Mafuta piga hesabu hivi. Kwenda na kurudi Iringa ni kama kilometa 1,000. Mikumi hadi Mang'ula na kurudi, 120. Kuzunguka hifadhini, na Isimila na Kalenga, sehemu za historia karibu na Iringa, weka 180. Jumla 1,300. Gari linalokwenda kilometa 12 kwa lita litakunywa lita 108. Wewe weka 120 kwa ajili ya vilima na kiyoyozi. Zidisha kwa bei ya EWURA, ambayo hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Wengi hubajeti mafuta ya lami peke yake, kisha wanashangaa siku ya tatu.

Una siku chache kuliko sita? Siku tatu: ishia Mikumi na Udzungwa, achana na Iringa. Siku mbili: Morogoro tu. Treni ya SGR inafika pale tangu mwaka 2024 na wala huhitaji gari. Kinachoharibu safari za watu ni kubana Iringa ndani ya siku tatu, halafu unarudi umeona vioo vya nyuma vya malori tu.

Hatua kwa hatua

1. Lipia vyumba vya usiku wote mapema. Mikumi mjini usiku mmoja, Mang'ula usiku mbili, Iringa usiku mbili. Gesti zipo za bei zote, lakini wikendi za likizo Mikumi hujaa, na kutafuta chumba saa 2 usiku huku watoto wanalia ndiko kunakomfanya mtu aseme "tusogee mbele kidogo" gizani. Piga simu, uliza kama kuna maegesho ya ndani na kama chandarua kipo.

2. Ondoka Dar Jumapili, saa 11 alfajiri. Ni kabla ya mwanga, lakini giza hilo utalimalizia mjini. Nimechagua Jumapili makusudi: asubuhi hiyo hakuna foleni ya wafanyakazi, na siku ya sita itaangukia Ijumaa, utakapokuwa unaingia mjini wakati wenzako wanatoka. Ukirudi Jumapili jioni, foleni kutoka Kibaha hadi Ubungo itakula saa zote ulizookoa Iringa.

Jaza tangi Jumamosi jioni. Pita Kimara, Mbezi, Kibaha, na ukishapita Kibaha anza nidhamu ya 50. Kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo hukaa pale ambapo nyumba zimeshakwisha lakini kibao cha kuondoa 50 bado. Mtu anaona pori, anakanyaga mafuta, na afande anatoka nyuma ya mwembe. Usiongeze mwendo mpaka ukione kibao chenyewe kimekatwa mstari.

Vigwaza kuna mizani, malori hupanga mstari. Usijiunge na foleni yao, wala usiitanue ya tatu. Chalinze, kilometa 100 na kidogo kutoka Dar, barabara ya kulia inakwenda Segera, Tanga na Moshi. Wewe nenda moja kwa moja. Mananasi ya Kiwangwa yakionekana kando ya barabara nunua moja la kula njiani. Moja tu, kapu utalinunua wakati wa kurudi.

3. Morogoro pumzika, usilale. Ukitoka saa 11 utakuwa Msamvu mnamo saa 3 asubuhi. Mji kasoro bahari una Milima ya Uluguru inayoning'inia juu yake, na kwa asubuhi moja chagua kitu kimoja. Wenye watoto wadogo waende Rock Garden, chini ya mlima, kuna mkondo wa maji kwenye mawe na vivuli. Wenye miguu wanaweza kupanda kuelekea Morningside, jengo la enzi za Wajerumani, lakini hiyo ni saa mbili tatu za kupanda tu, na siku ya kwanza miguu inahitajika kwenye breki. Mimi ningekunywa chai, ningetembea sokoni, ningekula mchana mapema na kuondoka.

Msamvu angalia vibao: kulia ni Dodoma, ya Iringa inaendelea mbele. Jaza mafuta hapa.

4. Vuka Mikumi kabla ya saa 11 jioni. Toka Morogoro saa 8 mchana. Baada ya Doma barabara kuu inaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kuikata kwa kilometa 50. Kupita hulipi chochote, na mara nyingi utaona twiga, swala pala, nyani, hata tembo, ukiwa kwenye lami. Hapo sheria ni tatu: fuata mwendo wa kwenye vibao, usishuke, usitupe chakula. Nyani aliyezoea kutupiwa ndizi anakaa katikati ya barabara akisubiri nyingine, na lori ndilo linalomfikia kwanza.

Kuna ubao kandokando unaoorodhesha faini ya kila mnyama ukimgonga. Usome. Kwa wanyama wakubwa ni maelfu ya dola za Marekani, na hapo hujahesabu gari lako.

Lala Mikumi mjini, ng'ambo ya pili ya hifadhi.

5. Jumatatu, uwe getini saa 12 asubuhi. Geti liko nyuma ulikotoka, kama kilometa 20 kuelekea Morogoro, kwa hiyo amka saa 11. Wanyama wanatembea asubuhi na jioni. Ukiingia saa 4 utawaona wamelala chini ya migunga kama wazee wa baraza. Fedha taslimu hazipokelewi getini. Utapewa namba ya malipo na utalipa kwa simu au kadi, basi weka salio la kutosha kwenye simu usiku kabla, kwa sababu mtandao wa asubuhi hauaminiki na wakala aliye karibu ni wa Mikumi mjini.

Kuhusu gari: kiangazi, gari dogo linazunguka njia kuu za uwanda wa Mkata na kufika bwawa la viboko bila shida. Muulize askari wa getini njia zipi zinapitika leo na umsikilize. Kama gari lako liko chini sana, au mvua imenyesha jana, liache na ukodi gari la wazi la kutalii pale Mikumi mjini. Dereva wake anajua simba walilala wapi, na hilo peke yake linalipa gharama. Ukodishaji upange siku moja kabla.

Ndani ya hifadhi, yenye kilometa za mraba 3,230 na iliyoanzishwa mwaka 1964, usifukuze wanyama. Simama bwawani, zima injini, kaa nusu saa. Pundamilia, nyumbu, nyati na pofu watakuja wenyewe. Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi ziache, mbung'o wanazipenda. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, hifadhini ndiyo usithubutu.

Toka saa 6 mchana, kula mjini, kisha shika njia ya kusini kuelekea Kidatu. Baada ya mwendo wa saa mbili hivi utakuwa Mang'ula. Kuanzia Kidatu unapita mashamba ya miwa, na matrekta ya miwa yanatembea yakiwa yamepinda. Yape nafasi.

6. Jumanne, panda Sanje. Hii ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo siku ambayo watu wa Dar wengi hawaijui. Udzungwa haina barabara ndani yake, hifadhi nzima unaitembea kwa miguu. Lipia ofisini Mang'ula, upewe mwongozaji (lazima uwe naye), kisha mnaendesha kilometa chache kurudi kijiji cha Sanje, ambako njia inaanzia.

Maporomoko yana urefu wa mita 170 hivi, yakianguka kwa hatua. Kwenda na kurudi ni saa nne kwa mtu wa kawaida, tano kwa mtu wa ofisini. Anza saa 2 asubuhi. Vaa viatu vyenye meno. Raba nyeupe za kwenda ufukweni zitakuangusha. Soksi ndefu zinazuia siafu. Beba lita mbili za maji kila mmoja na nguo ya kuogelea, kwa sababu juu kuna bwawa chini ya maporomoko ambamo unaruhusiwa kuoga, na maji yake ni ya baridi ya kukukata maneno.

Njiani sikiliza juu. Nyani wa aina ya mangabe wa Sanje alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 tu, na hapatikani popote duniani nje ya safu hii ya milima. Kuna pia mbega mwekundu wa Udzungwa, naye ni wa hapahapa. Mwongozaji ukimwambia mapema kwamba unawataka hao, atatembea polepole na atanyamaza. Usipomwambia atakimbilia maporomoko, kwa sababu wageni wengi ndicho wanachotaka.

Mchana kuleni, mlale. Usishawishike kuondoka kwenda Iringa alasiri hiyo: dereva amechoka magoti, na Kitonga itakukuta gizani.

7. Jumatano, panda Kitonga ukiwa mtulivu. Toka Mang'ula saa 1 asubuhi, rudi Mikumi mjini, jaza mafuta, shika njia ya Iringa. Baada ya muda barabara inafuatana na Mto Ruaha Mkuu na unaingia bonde la mibuyu. Ni mibuyu mingi kweli, milima mizima, imesimama bila majani kiangazi chote. Hapa ndipo pa kusimama kupiga picha, sehemu pana, nje kabisa ya lami. Ruaha Mbuyuni wanauza vitunguu. Endelea.

Kisha Kitonga. Ni kilometa chache za kupanda, mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, kona kali, barabara nyembamba, na malori yamejaa. Inatisha wanaoharakisha. Fanya hivi:

Kabla hujaanza kupanda, simama chini dakika kumi injini ipoe na uangalie kipimo cha joto. Zima kiyoyozi. Ingia gia ya chini mapema. Kwenye otomatiki tumia L au 2, usiiache kwenye D ikihangaika. Acha nafasi ya lori zima kati yako na lililo mbele, kwa sababu lori likishindwa linarudi nyuma kidogo kabla breki hazijashika. Usipite kwenye kona, hata kama dereva wa lori anakuwashia indiketa ya kushoto kukuambia pita. Yeye anaona mbele kuliko wewe, kweli, lakini yeye si anayekwenda upande wa pili. Pita pale tu ambapo macho yako mwenyewe yameona barabara tupu, na ukiona indiketa ya kulia rudi nyuma haraka. Nusu saa ya kufuata lori haijamuua mtu.

Mkifika juu hewa inabadilika, mtashusha vioo. Mbele ni Ilula, nyanya kandokando ya barabara zimepangwa kwa ndoo. Nazo za kurudi.

Kati ya Ilula na Iringa mnapita eneo la Lugalo. Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walilivunjavunja hapa jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Waambie watoto habari hiyo sasa, kesho wataihitaji.

Ipogolo ndipo unapoiacha barabara kuu na kupanda kwenda mjini. Saa 8 au 9 alasiri mko Iringa. Mwambieni mwenye gesti "kamwene", salamu ya Kihehe, mtapokelewa vizuri zaidi.

8. Alhamisi, Iringa na viunga vyake. Jumatano jioni, kama bado mna nguvu, pandeni jiwe la Gangilonga, juu ya mji, saa 11 na nusu. Inasimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akija hapa kutafakari. Mji wote unauona chini. Msipande peke yenu baada ya giza.

Alhamisi saa 1 na nusu asubuhi nendeni Isimila, kilometa 20 hivi kwa njia ya Mbeya. Asubuhi, kwa sababu lile korongo halina kivuli na saa 6 ni tanuri. Kuna mambo mawili pale. La kwanza ni zana za mawe za binadamu wa Zama za Mawe, shoka za mkono zilizochongwa, ambazo zilitambuliwa mwaka 1951 na kuchimbwa kwa kina mwaka 1957 na 1958. La pili, ambalo picha zake umeziona bila kujua ni wapi, ni nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na maji na upepo, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa. Msipande juu ya nguzo, wala msiokote jiwe hata dogo. Kodini mwongozaji wa pale. Bila yeye mtaona mawe tu.

Rudini mjini mle, kisha Kalenga, kama kilometa 15 kwa njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Ngome ya Mkwawa ilikuwa hapa mpaka Wajerumani walipoibomoa kwa mizinga Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kuwasumbua porini hadi 1898, alipojipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaja kwa jina kwamba fuvu lake lirudishwe, na ikachukua mpaka 1954. Fuvu hilo liko makumbusho ya Kalenga. Ni chumba kidogo, dakika arobaini zinatosha, lakini msikilizeni mtunzaji mpaka mwisho. Kwa picha, ombeni ruhusa kwanza.

Ukibakiwa na muda, Makumbusho ya Boma yako katikati ya mji, ndani ya jengo la Wajerumani. Halafu soko kuu, vikapu na asali. Ulanzi, pombe ya mianzi, upo wa kumwaga, na dereva wa kesho atauangalia tu.

Hifadhi ya Ruaha je? Iko kama kilometa 130 kutoka mjini na inahitaji siku zake mbili na gari la juu. Isiingizwe kwenye safari hii kwa lazima.

9. Ijumaa, rudi. Saa 12 asubuhi magurudumu yazunguke. Kushuka Kitonga ni hatari kuliko kupanda: shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, usikanyage breki mfululizo, na ukinusa harufu ya kuungua tafuta sehemu pana usimame dakika ishirini. Usimwagie breki maji. Nunua nyanya Ilula, vitunguu Ruaha Mbuyuni, kula mchana Morogoro saa 7, uwe Kibaha saa 11 jioni. Ukiona Morogoro saa 10 imekukuta, lala Morogoro. Kesho yake ni Jumamosi tu, bosi hana la kukuuliza.

Likitokea tatizo

Gari linachemka. Simama sehemu salama, zima injini, fungua boneti, na usiguse kifuniko cha rejeta kwa nusu saa. Yale maji lita kumi ndiyo kazi yake. Likichemka tena baada ya kilometa chache, ni mpira, feni au pampu ya maji; tafuta fundi, usijikongoje mpaka Iringa.

Pancha. Toka kwenye lami kabisa kabla ya kuweka jeki, hata kama rimu itaumia. Pembetatu moja iwe mbali nyuma yako, ya pili mbele. Abiria wote washuke upande wa pori, isipokuwa ndani ya Mikumi: pale wabaki ndani, abadilishe mtu mmoja na mwingine awe anaangalia nyasi, au msubiri gari la hifadhi.

Kitonga imefungwa na lori. Hutokea. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya tairi, kaa kwenye mstari wako. Wanaotanua ndio wanaogeuza saa moja kuwa tano. Kwa siku kama hii, biskuti na maji ndani ya gari ni lazima.

Umemgonga mnyama hifadhini. Usikimbie, usishuke kumwangalia. Endesha taratibu mpaka geti au askari wa karibu utoe taarifa. Namba ya gari huwa imeshaonekana.

Trafiki amekusimamisha na kosa ni la kweli. Shusha kioo, salimia, "shikamoo afande" kama ni mtu mzima, toa leseni. Faini ya kosa la barabarani unailipa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mashine. Usibishane na tochi mbele ya watoto, saa za mwanga zinakwenda.

Malipo ya hifadhi hayapiti. Jaribu mtandao mwingine wa simu kabla ya kurudi mjini. Kwenye gari la watu wanne lazima kuna laini mbili tofauti. Ndiyo maana salio lisikae kwenye simu moja.

Mtoto anatapika kwenye kona. Mbele kidogo ya Ruaha Mbuyuni mpe kiti cha mbele kama umri unaruhusu, kioo wazi, simu mnyang'anye. Chipsi mayai za saa 4 ziahirishwe mpaka mfike juu.

Dharura yoyote ya polisi ni 112, zimamoto ni 114. Sehemu nyingine za bonde na hifadhini simu haishiki, kwa hiyo pakua ramani kabla ya kutoka Dar, na kila asubuhi mtumie ndugu mmoja ujumbe: mnatoka wapi, mnalala wapi, mnatarajia kufika saa ngapi. Mkichelewa saa mbili bila habari, ajue ampigie nani.